Droni haiwezi kurudi nyuma: picha ipi ikufae kufuatilia ukomo wa miti mlimani

Wiki moja nilipata wageni wawili hapa Mwanza, na maswali yao yalifanana kama mapacha. Wa kwanza alikuwa binti wa chuo anayeandaa utafiti wa mwaka wa mwisho. Anataka kujua kama msitu wa Mlima Elgon umepanda au umeshuka tangu enzi za babu yake, aliyechunga ng'ombe huko upande wa Kenya kabla familia haijahamia kusini mwa ziwa. Wa pili alikuwa mzee wa Igogo, mwenyekiti wa kikundi cha mazingira cha mtaani kwake. Yeye anatafuta ushahidi wa miti iliyokuwepo katikati ya mawe ya mlima wao kabla nyumba hazijaupanda. Binti ana mlima wa mita 4,321, mzee ana kilima ambacho mtu mwenye nguvu zake anakimaliza kwa robo saa. Wote wawili walifika na jibu moja mkononi: tutafute droni.

Niliwaomba waiweke droni pembeni kwanza. Siichukii, na mbele nitaeleza inapofaa. Ila anayefuatilia mabadiliko anahitaji siku mbili, ya zamani na ya leo. Ya leo tunayo, kila mtu anaweza kuipiga picha. Ya zamani ndiyo adimu. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: picha ya zamani kuliko zote ninayoweza kuipata ya mahali hapa ni ipi, na inaonyesha nini? Ukishalijibu, picha nyingine zote utazichagua kwa kuifuata hiyo.

Tunachokipima

Ukomo wa miti haujachorwa ardhini kama mstari wa uwanja wa mpira. Ukipanda mlima mrefu miti inafupika, inaachana, inageuka vichaka, kisha unajikuta kwenye nyasi na mawe. Mwaka 2004 Christian Körner na Jens Paulsen wa Chuo Kikuu cha Basel walionyesha kwamba, katika milima ya sehemu nyingi duniani, miti inakoma pale ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua unakaribia nyuzi 6.7 za Selsiasi. Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Ukipiga hesabu, dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, ukomo wa miti ungepaswa kusogea juu kwa zaidi ya mita 150.

Lakini miti haisomi hesabu zetu. Mche unaoota juu ya ukomo wa zamani unahitaji miongo kuwa mti, na katika miongo hiyo unapitiwa na moto, ng'ombe, baridi ya usiku na shoka. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi wa maeneo 166 ya dunia yaliyofuatiliwa tangu mwaka 1900. Katika asilimia 52 ya maeneo hayo ukomo ulikuwa umepanda, na ulioshuka ulikuwa asilimia moja tu. Uliobaki haukusogea, ingawa joto lilikuwa limeongezeka.

Kilimanjaro, mlima wetu wenyewe, imekwenda kinyume na wengi. Andreas Hemp, aliyefanya kazi huko kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mita mia kadhaa tangu mwaka 1976, kwa sababu hali ya hewa imekuwa kavu na moto umeongezeka. Misitu ya Erica, ile miti yenye majani membamba iliyofunikwa na ndevu za kuvu na mimea ya ukungu, iliungua ikabaki vichaka. Oktoba 2020 na Oktoba 2022 tuliiona mioto mingine mikubwa juu kule, na moshi wake ulionekana kutoka mbali. Namwambia kila anayeanza kazi hii: usifungue picha huku jibu lako likiwa tayari ni "joto limeongezeka, kwa hiyo msitu umepanda". Kwenye Elgon kuna jamii zinazoishi na kuchunga katika nyanda za juu ya msitu, kama pale Chepkitale, na ukomo wa miti huko unabeba historia yao pamoja na historia ya hewa.

Na kwa nini mtu wa Mwanza ajishughulishe na Elgon? Maji mengi ya ziwa letu ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, hilo ni kweli. Tope haliletwi na mvua hiyo. Linaletwa na mito, na mto Nzoia unaoingia ziwani upande wa Kenya unachota sehemu ya maji yake kwenye miteremko ya Elgon.

Hesabu moja kabla ya kuchagua

Watu hulinganisha picha kwa ukali wake: hii ya mita 30, hii ya mita 10, hii ya sentimita 3. Mlimani ukali peke yake unadanganya, kwa sababu swali letu ni la mwinuko na picha inatazama kutoka juu. Chukua mteremko mkali wa nyuzi 30. Ukomo ukipanda mita 10 kwa mwinuko, kwenye ramani umesogea mita 17 tu. Pikseli ya mita 30, yaani kijiraba kimoja kinachojenga picha, haitauona. Sasa chukua mteremko mpole wa nyuzi 10. Mita 10 zilezile za mwinuko zinakuwa mita 57 kwenye ramani, karibu pikseli mbili nzima.

Kwa maneno mengine, picha ya bure inayoitwa hafifu inaweza kukutosha kabisa kwenye bega pana la mlima, na ikakushinda kwenye ukuta wa bonde. Kabla hujalipia chochote, pima mteremko wa eneo lako. Data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000 ni za bure, zina ukali wa mita 30, na programu ya ramani ya QGIS inakupa mteremko kwa dakika chache. Jambo la kukumbuka ni kwamba rada ile haikufika chini kila mahali penye msitu mnene. Inaposema mwinuko, mara nyingine inahesabu na sehemu ya kimo cha miti.

Picha za ndege za zamani dhidi ya Landsat

Uamuzi mgumu uko hapa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda ofisi ya upimaji iliyoitwa Directorate of Colonial Surveys, ambayo mwaka 1957 ikawa Directorate of Overseas Surveys. Ndege zilipita juu ya Tanganyika, Kenya na Uganda zikipiga picha za rangi nyeusi na nyeupe, na ramani za 1:50,000 ambazo baadhi yetu tulisomea jiografia zilitokana na kazi hiyo. Sehemu kubwa ya picha zake leo iko Edinburgh, katika hifadhi iitwayo National Collection of Aerial Photography. Kwa huku nyumbani, mlango wa kugonga ni Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Kwa Elgon, binti atauliza Survey of Kenya jijini Nairobi na idara ya upimaji ya Uganda iliyoko Entebbe.

Ubora wa picha hizi unawashangaza watu. Katika picha ya uwiano wa 1:40,000, milimita moja ya karatasi ni mita 40 za ardhi. Ukiiskani kwa pointi 1,200 kwa inchi, kila pikseli inakuwa chini kidogo ya mita moja. Undani halisi ni pungufu ya hapo, maana filamu ina chembechembe zake na kuna vumbi, lakini taji la mti mkubwa utaliona, na kivuli chake pia. Tena picha hizi zilipigwa zikipandana kwa takriban asilimia 60. Ukizitazama mbili mbili kwa stereoskopu, kile kifaa cha kuangalia picha moja kwa kila jicho, mlima unainuka mbele ya macho yako na mti unatofautiana na kichaka kwa kimo. Landsat, zile setilaiti za Marekani nitakazozieleza hivi punde, haikupi hilo hata siku moja.

Gharama yake ni kazi. Picha ya ndege si ramani. Ndege ikiwa mita 6,000 juu ya ardhi, na mgongo wa mlima ukiwa mita 300 juu ya usawa wa wastani, kitu kilichoko milimita 80 kutoka katikati ya picha kinasogezwa milimita 4 kutoka mahali pake. Kwa uwiano wa 1:40,000 hizo ni mita 160 za ardhi. Hebu fikiria mtu aliyeitandaza picha ya zamani juu ya picha ya leo bila kuisahihisha, akapima, akatangaza kwamba msitu umekimbia mita 160. Hakuna mti uliosogea. Lenzi na mlima ndivyo vilivyomdanganya. Kwa hiyo picha lazima isahihishwe kwa kutumia data za mwinuko na alama za ardhini zinazoonekana katika nyakati zote mbili.

Kuhusu alama hizo, Mwanza tumebarikiwa. Mawe yetu ya matale hayahami. Jiwe lililokuwa juu ya kilele cha Igogo wakati picha ile inapigwa bado liko pale pale, lina ufa uleule, na linaonekana kutoka angani kama shilingi mpya. Mzee aliponitajia majina ya mawe ya mlima wake niliandika yote, kwa sababu kila jina ni nukta ya kusahihishia picha. Kwenye Elgon binti atatafuta majabali, vilele na mikunjo ya mito ya juu. Akwepe njia za miguu na kingo za mashamba, hizo zinahama.

Sasa Landsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na picha zake za mwanzo zilikuwa na pikseli za takriban mita 80. Hizo zinakufaa kwa kovu kubwa la moto, si kwa ukomo wa miti. Mita 30 zililetwa na Landsat 4 mwaka 1982, Landsat 5 ya mwaka 1984 ikazishika kwa miaka mingi, na kuanzia hapo mnyororo umeendelea: Landsat 7 mwaka 1999, Landsat 8 mwaka 2013, Landsat 9 mwaka 2021. Tangu mwaka 2008 hazina yote imefunguliwa bure. Hakuna chombo kingine kinachokupa zaidi ya miaka 40 kwa kipimo kimoja kinacholinganishika, rangi kwa rangi.

Na rangi ndiyo nguvu yake. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na hunyonya mwanga mwekundu. Ukitoa wekundu kwenye infraredi, ukagawanya kwa jumla ya vyote viwili, unapata namba ya ukijani. Namba hiyo inahesabiwa kwa mlima mzima kwa dakika chache, bila mtu kukaa na kalamu akichora ukingo wa msitu. Picha nyeusi na nyeupe ya ndege haina namba ya namna hiyo, inategemea jicho lako na uvumilivu wako.

Hitilafu zake zijue mapema. Landsat 7 iliharibika kifaa kimoja tarehe 31 Mei 2003, na tangu siku hiyo kila picha yake ina michirizi mitupu inayokula takriban asilimia 22 ya eneo. Kwa Afrika Mashariki kuna miaka ya 1980 na 1990 yenye picha chache sana. Halafu kuna mawingu. Setilaiti hizi hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kwenye milima mirefu ya ukanda wetu wingu huanza kujikusanya mapema, na mara nyingi hulalia palepale kwenye mkanda wa juu wa msitu. Katika picha 22 au 23 ambazo setilaiti moja inapiga kwa mwaka, unaweza kubaki na mbili safi, au usibaki na hata moja.

Hukumu yangu ni hii. Kama swali lako linafika nyuma ya mwaka 1984, picha za ndege ndizo msingi na hakuna njia ya mkato. Kama linaanzia miaka ya 1980, Landsat iwe uti wa mgongo, na picha ya ndege iwe shahidi wa kukuambia hali ilikuwaje kabla. Anayeanza na Landsat peke yake kwenye Kilimanjaro, kwa mfano, anaukuta mlima ambao tayari umeshaanza kuungua, na anaweza kudhani huo ndio uzima wake.

Kwa Kilimanjaro kuna na zawadi ya ziada. Rubani na mpigapicha wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka jirani na Kibo mwezi Januari 1930, na picha zake zinatazamwa bure kwenye mtandao wa maktaba ya ETH ya Zürich. Zilipigwa kwa mshazari, si wima, kwa hiyo kupima kwazo ni kazi ngumu. Kutazama tu kunatosha kukufanya unyamaze kidogo.

Sentinel-2, na vile vya kutazama kwa jicho

Sentinel-2 ni setilaiti za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017. Zina pikseli za mita 10 kwenye rangi muhimu, na mbili zikifanya kazi pamoja hupita mahali pamoja kila siku tano. Hiyo ni nafasi 73 kwa mwaka za kulikwepa wingu, na kwa mlima wetu hili lina uzito kuliko hata zile mita 10. Ni bure. Kasoro yake ni umri: muda mfupi kama huu kwa mti wa mlimani ni kama wiki moja kwa mtoto. Itumie kuchora ukomo wa leo vizuri, na kufuatilia moto mwezi baada ya mwezi. Kovu la moto juu ya msitu Sentinel-2 inalionyesha vizuri mno.

Google Earth wengi wenu mnaijua, na ule mshale wa kurudisha miaka nyuma unavutia. Mimi naitumia kila siku, kama miwani. Kama rula, hapana. Picha zake zimeshonwa kutoka siku tofauti, mahali pengine mwezi wa kiangazi umelala jirani na mwezi wa masika, na picha za miaka miwili tofauti zinaweza kupishana mita kadhaa. Tazama jiwe moja la Capri Point hapa mjini kwa miaka mitano mfululizo, utaliona likitembea.

Kuna pia ramani ya dunia ya upotevu wa misitu iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2013, ambayo huongezewa mwaka hadi mwaka. Inavutia kwa sababu kazi yote imeshafanywa. Kwa ukomo wa miti naikataza kama chanzo kikuu, kwa sababu moja: mti katika ramani ile ni mmea wenye zaidi ya mita 5. Juu mlimani, mahali hasa tunapopauliza, Erica wengi hawafiki kimo hicho. Msitu unaorudi polepole ukiwa na mita 2 au 3 haupo kwenye ramani hiyo.

Rada ya Sentinel-1 inapenya mawingu, na watu huishauri kwa sababu hiyo. Kwenye miteremko mikali mlima wenyewe unajikunja ndani ya picha, upande mmoja ukaulalia mwingine. Kwa tambarare za Geita sawa, kwa Elgon ningeiacha.

Droni ilipo

Mwanza si wageni wa droni. Oktoba 2018 mji huu ulikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, na droni ziliruka juu ya maji hadi kisiwa cha Juma. Nguvu ya droni katika kazi yetu ni moja na ni kubwa: inaona miche, na inapima kimo. Ukiruka mita 100 juu ya ardhi, pikseli inakuwa sentimita chache. Picha mia kadhaa zinazopandana zinajenga sura ya ardhi ya pande tatu, na hapo kichaka cha mita 1 na mti wa mita 5 vinatenganishwa bila ubishi. Swali la kama msitu unakusudia kupanda hujibiwa na miche, na miche haionekani kwa setilaiti yoyote ya bure.

Sasa mizigo yake. Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukiwa Ilemela karibu na uwanja wa ndege jambo hilo lina uzito wake. Hifadhi ya taifa ina ruhusa yake juu ya hiyo. Kwenye mwinuko wa mita 3,500 kanieneo ya hewa ni karibu theluthi mbili ya ile ya pwani, panga zinahangaika, baridi inakula betri, na muda wa kuruka unapungua kweli. Kwa siku nzima ya kazi utarudi na hekta chache, wakati ukomo wa miti wa Elgon unauzunguka mlima mzima. Na kwenye vilima vya mjini kuna watu wanaoishi. Kuruka juu ya nyua za watu, bafu zisizo na paa na nguo zilizoanikwa bila kupita kwanza nyumba hadi nyumba kueleza ni utovu wa adabu.

Mitego inayomkuta kila mmoja

Linganisha mwezi na mwezi wake. Picha ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, ina nyasi zenye ukijani sawa na msitu. Ile ya Agosti ina nyasi kavu, na miti inajitenga yenyewe. Ukichukua Aprili ya mwaka 1987 na Agosti ya mwaka 2023, utaona msitu umepungua hata kama hakuna mti uliokatwa. Kwa milima mirefu napendelea Januari na Februari, au kati ya Juni na Septemba, na nikishachagua mwezi simwachi.

Kivuli nacho kina saa yake. Kwa kuwa setilaiti hupita asubuhi, jua likiwa mashariki, miteremko ya magharibi iliyo mikali inakuwa na giza, na giza kompyuta inaweza kuliita msitu. Chora ukomo kwa kila upande wa mlima peke yake. Usichanganye wastani wa mashariki na wa magharibi.

Wa pwani ya ziwa wana mtego wao wa pekee. Magugu maji yakijaa kwenye ghuba, namba ya ukijani inapanda kama msitu mzito. Niliwahi kuona ramani ya mwanafunzi ambayo ukanda mzima wa maji mbele ya bandari ulikuwa umehesabiwa kuwa miti. Fungia ziwa nje ya hesabu kabla hujaanza. Na vilimani, katikati ya mawe, lantana inastawi na kuwa ya kijani mwaka mzima. Kutoka angani ni mti, ukifika ni kichaka kinachokuchana suruali.

Kisha kosa la kipimo. Kama picha yako ya zamani imekaa mahali pake kwa kosa la mita 15, na ya leo mita 15, makosa mawili yakiungana yanakuwa kama mita 21. Msogeo wa mita 12 usiuandike kama matokeo. Andika kwamba haukuweza kupimika. Msimamizi wako anaweza asipende, lakini ndiyo kweli.

Nilichowashauri

Binti nilimwambia aanze na Landsat 5 ya katikati ya miaka ya 1980, atafute Januari au Februari iliyo safi, na aiweke pamoja na Landsat 8 au 9 ya mwezi uleule. Sentinel-2 aitumie kuhakiki ukomo wa leo. Picha za ndege aziombe mapema, kwa barua, akitaja namba za karatasi za ramani, kwa sababu majibu huchukua muda. Zikifika, asisahihishe mlima mzima. Achague miteremko mitano, baadhi mipole, baadhi mikali, mmoja ukiwa Chepkitale ambako wafugaji wapo, na apime hapo kwa makini. Droni asahau, labda siku moja akipata ufadhili. Badala yake apande na simu yenye GPS na kamba ya kupimia, aandike kimo cha miti ya mwisho. Na amuulize babu yake. Mzee aliyechunga huko anakumbuka ni miaka ipi nyanda zile zilichomwa.

Suala la bando lilimtia wasiwasi, kwa haki. Picha moja nzima inakaribia gigabaiti moja, na yeye anahitaji kumi au zaidi. Hapo nilimwelekeza Google Earth Engine, ambayo ni bure kwa masomo. Hesabu inafanyika kwenye mashine za mbali, na unapakua kipande cha mlima wako tu, megabaiti chache.

Kwa mzee shauri liligeuka, na hili lilimshangaza hata yeye. Landsat haimfai kabisa. Pikseli moja ya mita 30 pale Igogo ina jiwe, bati jipya linalong'aa, mwembe mmoja, lantana na ngazi ya zege, vyote vimekorogwa kuwa rangi moja. Sentinel-2 ni afadhali kidogo, bado ni mchanganyiko. Kwake jibu ni ncha mbili bila katikati: picha ya ndege ya zamani kwa upande wa jana, na kwa leo kitu chenye ukali wa kuona mwembe mmoja mmoja. Kwa hiyo droni, niliyoiweka pembeni mwanzoni, inarudi kwake kwa haki, ikiwa na kibali na baada ya wakazi kuelezwa. Eneo lake ni dogo, mawe yake ni alama tayari, na asubuhi moja inatosha. Ila aanze na picha ya zamani, kwa kuwa bila hiyo droni itampa picha nzuri ya mlima wenye nyumba, kitu ambacho viongozi wa mtaa wanakiona kila siku wakifungua dirisha.

Wakati anaondoka alikumbuka kwamba marehemu kaka yake alipiga picha za harusi juu ya mlima, nyuma yao kukiwa na miti. Nilimwomba aitafute. Picha ya harusi yenye jiwe linalojulikana inaweza kupigwa upya ukisimama palepale, na huo ni ushahidi ambao mtaa mzima unaelewa bila kufundishwa pikseli.

Jumamosi tunapanda Igogo, mzee, binti, na vijana wanne wa kikundi. Nimechapisha karatasi yenye nukta 40 zilizochaguliwa na kompyuta bila upendeleo, na kwenye kila nukta tutaandika kitu kimoja tu: mti, kichaka, jiwe au bati. Binti anakuja kujifunza kwa kilima kidogo kabla ya kwenda kwenye mlima wake mkubwa. Mzee ameahidi kutuonyesha jiwe ambalo chini yake kulikuwa na mkuyu.